Kipandikizi cha titi kimetimiza miaka 16 baada ya saratani: nikibadilishe kabla ya kurudi Tanga, au nikiache?

Mkwaju wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mama wa miaka 59, mzaliwa wa Tanga, ninayeishi Columbus, Ohio, Marekani, tangu 1999. Mwaka 2008 niligundulika na saratani ya titi la kushoto. Titi lote lilitolewa, nikapewa dawa za kemo, nikapigwa mionzi mara 25, na mwaka 2009 daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile akaniwekea kipandikizi cha silikoni chini ya msuli wa kifua. Saratani haijarudi, na kwa hilo ninamshukuru Mungu kila siku. Mwaka huu wa 2025 kipandikizi kimetimiza miaka 16, mwakani ninastaafu na kurudi nyumbani, na inanibidi niamue kama niondoke nacho kilivyo, nikibadilishe kwanza, au nikitoe kabisa.

Karibu kila ninayemgusia jambo hili hunijibu kwa namba moja: miaka 10. Wifi yangu alinipigia simu kutoka Tanga akiwa na hofu ya kweli, akiamini kwamba nimepitiliza muda kwa miaka 6, kama mtu anayeendelea kunywa dawa ambayo tarehe yake imekwisha. Nilipomuuliza daktari wangu wa upasuaji, alinieleza kwamba kipandikizi hakina tarehe ya namna hiyo. Ni kweli kwamba hakikutengenezwa kidumu maisha yote, na ni kweli kwamba kadiri miaka inavyosonga ndivyo uwezekano wa kupasuka au kubanwa na kovu unavyoongezeka. Lakini umri peke yake, alisema, si sababu ya kumlaza mtu juu ya meza ya upasuaji. Kauli hiyo ilinipunguzia hofu, ila haikunipa jibu, kwa kuwa changu kina mengine zaidi ya umri.

Nilianza kwa kutafuta nina nini hasa ndani ya mwili wangu. Kadi niliyopewa mwaka 2009 niliikuta ndani ya bahasha ya kaki, katikati ya vyeti vya shule vya watoto. Ni kadi ndogo yenye stika mbili nyeupe, moja ikiwa na namba ya kifaa, nyingine ikionyesha ujazo wake, mililita 400, na neno linalosema kwamba uso wake ni laini. Neno hilo moja lilinifanya nikae chini. Mwezi Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL, vyenye uso wa kukwaruza, kwa ombi la FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa sababu vilihusishwa kuliko vingine na aina adimu ya limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili, inayoota ndani ya kovu linalozunguka kipandikizi. Wakati huo FDA ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 duniani, na 33 kati yao walikuwa wamefariki. Habari ile niliisikia mwaka ule ule, na kwa miaka 6 nimeishi bila kujua kama inanihusu, ilhali jibu lilikuwa kabatini mwangu: changu ni laini, si cha kukwaruza.

Kisha nikafanyiwa MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Mwanamke hulala kifudifudi, matiti yakishuka ndani ya nafasi mbili zilizoachwa mezani, masikio yakiwa yamezibwa kwa sababu mashine hugonga kama nyundo juu ya bati, na hutakiwa asitikisike hata kidogo. Kwa kuwa kilichotafutwa ni mpasuko tu, sikudungwa dawa ya kung'arisha picha. Majibu yalisema kwamba kipandikizi hakijapasuka, kwamba gamba lake, yaani ganda la nje linaloshika jeli ya silikoni, limejikunja sehemu moja upande wa kwapa, na kwamba kovu linalokizunguka limenenepa.

Maumivu sina. Nilicho nacho ni ugumu, ambao daktari anauweka daraja la pili likielekea la tatu katika vile viwango vinne vya Baker, vinavyopima jinsi kovu lilivyokaza. Titi la kushoto limepanda juu na kuwa la mviringo kama chungwa, huku la kulia likiwa limeshuka kama la mama yeyote wa umri wangu. Nikijifunga kanga kifuani, upande wa kushoto haikai. Hulazimika kulipeleka fundo hadi kwapani ndipo ishike. Nikikuna nazi, kila msuli unapokaza titi lote huruka pembeni, na mvuto wake nauhisi hadi begani. Majira ya baridi, nikitoka nje mwezi Januari, kipandikizi hupoa na kubaki baridi chini ya ngozi muda mrefu baada ya mikono na uso kupata joto.

Daktari ameniwekea njia nne mbele yangu. Ninaweza kukiacha na kuendelea kukiangalia. Ninaweza kukibadilisha, kovu lilegezwe au litolewe, na kipya pengine kiwekwe juu ya msuli ili kisiruke tena. Ninaweza kukitoa na kubaki na kifua bapa. Au titi lijengwe kwa ngozi na mafuta ya tumbo langu mwenyewe. Kinachomtia wasiwasi ni mionzi. Ngozi iliyopigwa mionzi huwa nyembamba na ngumu, damu haipiti humo vizuri, na jeraha lake huchelewa kufunga. Kwa hiyo kubadilisha kipandikizi, kazi ambayo kwa mwanamke mwingine huchukua saa moja au mbili na jioni akalala kwake, kwangu kunaweza kuleta maambukizi, mshono kufumuka, na kipandikizi kipya kulazimika kutolewa. Na hata kikishika, kovu linaweza kukaza tena kwa sababu ile ile iliyolikaza mwanzo.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni bima. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inazilazimu bima zinazolipia kutolewa titi zilipie pia kulijenga upya, kulisawazisha titi la pili, na kutibu madhara yanayofuata. Bima yangu ni ya kazini, na siku nitakayoacha kazi nitaiacha nayo. Kila jioni najiambia kwamba nifanyiwe upasuaji sasa kwa kuwa unalipiwa, na kila asubuhi naamka nikijiuliza kama hiyo ni sababu ya kukatwa. Naomba ushauri wa waliopitia, na wa wataalamu kama mpo.

Nesi wa Upanga

Shikamoo mama, na hongera kwa miaka yote hiyo ya uzima. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi katika kliniki ya matiti hapa Dar es Salaam. Nitasema ninayoyajua, na uamuzi utabaki kwako na daktari wako.

Namba 10 ina asili yake. Katika taarifa yake ya mwaka 2011, FDA ilieleza kwamba ndani ya miaka 10 hadi mwanamke 1 kati ya 5 waliowekewa kwa ajili ya kuongeza ukubwa huhitaji kutolewa kipandikizi, na kwa waliojengewa titi upya hufikia 1 kati ya 2. Watu waliisoma kama amri ya kubadilisha kila baada ya miaka 10, lakini taarifa hiyo ilikuwa inasimulia yaliyowapata wanawake, na wengi wao walirudi mezani kwa sababu ya kovu kukaza, mpasuko, au umbo kuharibika. Wewe umevuka miaka hiyo, gamba bado zima.

Jambo la kuelewa kuhusu silikoni ni kwamba mpasuko wake mara nyingi hauna dalili. Kipandikizi cha maji ya chumvi kikitoboka, titi husinyaa na mwenyewe akaona. Cha silikoni hubaki na umbo lake, kwa sababu jeli hukaa ndani ya kovu, na mara chache hutoka nje na kufika kwenye tezi za kwapani, ambako uvimbe wake unaweza kudhaniwa kuwa saratani imerudi. Ndiyo maana tangu mwaka 2020 FDA inashauri picha ya kwanza ipigwe miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, na inakubali ultrasaundi, yaani picha ya mawimbi ya sauti, au MRI. Neno hilo la ultrasaundi ndilo ninalotaka ulishike, mama, kwa kuwa MRI kwetu ipo katika hospitali chache na ni ghali, lakini ultrasaundi utaipata. Kinachotafutwa ni mtu mwenye uzoefu wa kusoma titi lenye kipandikizi, na huyo utamfuata Dar.

Beba picha zenyewe kwenye diski, usibebe ripoti ya karatasi peke yake. Umesema gamba limejikunja upande wa kwapa. Mkunjo wa kawaida ukitazamwa na mtu asiye na picha za nyuma unaweza kuitwa mpasuko, na mwanamke akapasuliwa bila sababu. Nimeshuhudia jambo hilo likikaribia kutokea, na lililomwokoa ni mume wake kurudi nyumbani kutafuta diski ya zamani. Kila utakapokwenda, kabla hujalala kitandani, sema kwamba upande wa kushoto una kipandikizi, ili mtu asije akachoma sindano mahali asipopajua. Titi la kulia liendelee kupigwa mamogramu, ile eksirei ya titi, kama kawaida. Hilo lisisahaulike kwa sababu ya mawazo ya la kushoto.

Kuhusu kubadilisha, sitasema fanya au usifanye. Ila kwa kifua kilichopigwa mionzi, ukifanya, hakikisha umebaki huko karibu na daktari wako kwa miezi kadhaa, maana jeraha la namna hiyo linaweza kufunguka baada ya majuma mengi, na madaktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile huku kwetu ni wachache.

Mja wa Makadara

Pole sana dada yangu, nami nakuandikia kutoka Mombasa nikiwa nimetangulia mbele yako hatua chache. Mimi nilijengewa titi India mwaka 2012, na kipandikizi changu kilikuwa cha uso wa kukwaruza. Habari za 2019 zilipotoka, nilisoma kwamba wasio na dalili hawakushauriwa kukimbilia kutoa, nami nikatulia. Mwaka 2021 titi lilivimba ndani ya juma moja tu, kubwa na zito, bila homa na bila kuumia. Dada, na kila mwenye kipandikizi anayesoma hapa: uvimbe wa namna hiyo, miaka mingi baada ya upasuaji, usiachwe upite wala usikandwe kwa maji ya moto. Walinivuta majimaji kwa sindano chini ya ultrasaundi, wakayapeleka maabara kupimwa kipimo kiitwacho CD30, ambacho ndicho hutumika kuitafuta ile limfoma. Siku 12 za kungoja majibu zilinizeesha. Alhamdulillahi hapakuwa na ugonjwa.

Hata hivyo nilikitoa, na sikutaka kingine. Nilimwambia daktari akishone kifua kiwe bapa, safi, bila ngozi ya ziada kuning'inia, na nakusihi ukitaka njia hiyo uyaseme maneno hayo waziwazi kabla ya kulazwa, kwa sababu mimi nilimwona mwenzangu wodini ambaye daktari wake alimwachia mifuko ya ngozi akidhani siku moja atabadili nia. Nilikaa na mrija wa kutoa majimaji kwa siku 6. Sasa natia ndani ya sidiria titi la kufumwa kwa uzi wa pamba, jepesi, ambalo nalifua na kulianika pamoja na nguo zangu. Ndani ya buibui hakuna ajuaye, na nyumbani natembea bila chochote. Mume wangu aliniuliza kitu kimoja tu, kama bado linavuta begani. Nikamwambia la. Ule mvuto unaousimulia ukikuna nazi nilikuwa nao kwa miaka 9, na kwangu uliondoka pamoja nacho, ingawa sitakuahidi kwamba kila mwili ni hivyo, hasa uliopigwa mionzi.

Karafuu

Dada, mimi ni Mzanzibari niliyeko Leicester. Kipandikizi changu kilikaza hadi kikawa kinauma usiku, nami pia nilipigwa mionzi, kwa hiyo mwaka 2022 walikitoa na kunijengea titi kwa nyama ya tumbo pamoja na mishipa yake ya damu, ambayo huunganishwa na mishipa ya kifuani chini ya darubini. Upasuaji ulichukua saa 8. Usiku wa kwanza muuguzi alikuja kila saa na kifaa kidogo cha kusikilizia kama damu inapita, na mimi nilikuwa nikiisikia ile sauti ya damu yangu na kulala tena. Tumbo ndilo lililonitesa: kovu linatoka nyonga moja hadi nyingine, na kwa majuma mawili nilitembea nimeinama. Leo titi lina joto, linanenepa nikinenepa, na sifikirii tena habari ya kubadilisha. Lakini sikushauri ulifanye kwa haraka miezi michache kabla ya safari. Ni upasuaji wa mtu ambaye mwaka mzima uliobaki hana jambo jingine kubwa.

Mtoro wa Minnesota

Naomba kuuliza, mama, kwa faida ya wengine tulio huku: kisheria kuna muda unaopita hadi haki ya kulipiwa ikapotea?

Mkwaju wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Mwanangu wa Minnesota, mimi nilijibiwa na ofisi ya bima kwamba miaka iliyopita tangu titi litolewe haiondoi haki hiyo, mradi bima uliyo nayo wakati wa upasuaji iwe inalipia kutolewa titi. Lakini kile kiasi cha awali ambacho mgonjwa hujilipia kabla bima haijaanza kulipa bado utakitoa mfukoni, na aliye na bima ya serikali aulize kwa bima hiyo, kwa kuwa sheria ya 1998 ni ya bima za kazini na zile za kununua. Omba jibu lao kwa maandishi.

Nesi, marahaba mwanangu. Nyote mmenisaidia kuliko mnavyodhani, nami ninarudi na habari. Juzi nilikwenda tena kwa daktari, nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelizunguka kwa miezi: kama bima yangu ingekuwa ya maisha, na kama nisingekuwa na safari, je, angenishauri nipasuliwe mwaka huu? Alinyamaza, akairudia picha yangu kwenye kompyuta, akaniambia hapana. Angeniambia nirudi baada ya miaka 2. Hapo nikaona kwamba kilichokuwa kinanisukuma mezani ni tarehe ya kuacha kazi, na titi lenyewe halijaomba kitu.

Kwa hiyo nakiacha. Lakini sikiachi kwa kukisahau, kama nilivyofanya miaka iliyopita. Tumeandika pamoja, na karatasi ninayo, mambo ambayo yakitokea sitangoja: uvimbe wa ghafla, kinundu kifuani au kwapani, maumivu yanayoniamsha usiku, ngozi kuwa nyekundu au nyembamba kiasi cha kuona ukingo wa kipandikizi, au picha kuonyesha mpasuko. Na nimeamua mapema, nikiwa mzima na akili imetulia, kwamba siku hiyo ikifika nitakitoa na kubaki bapa. Hili nimelipata kwako, Mja wa Makadara. Nimesimama mbele ya kioo nikaufunika upande wa kushoto kwa kiganja, nikajitazama kwa muda mrefu, na sikumwona mtu aliyepungukiwa. Karafuu, ningekuwa na miaka 45 ningefuata njia yako. Kwa mwili huu na mwaka huu, tumbo langu naliacha lilivyo. Kanga nitaendelea kuifunga fundo kwapani, na nazi nitakuna kwa mkono wa kulia.

Daktari alinionya pia kwamba nikifika mahali nikaambiwa ni lazima kovu lote litolewe pamoja na kipandikizi kikiwa ndani yake, niulize sababu, kwa kuwa kulichimba kovu lililoshikamana na mbavu kunaweza kutoboa utando wa pafu, na pasipo saratani si kila mara inahitajika. Naliandika hapa kwa kuwa sikuwahi kulisikia popote.

Diski za MRI nimezipata mbili. Kadi nimeitoa nakala tatu, moja nimemtumia wifi yangu Tanga, ambaye ameisoma yote kwenye simu na kuniuliza uso laini maana yake nini, tukaongea hadi salio likamwishia. Nesi, nitafika mwezi Agosti mwakani, na ultrasaundi ya kwanza ningependa iwe mwaka 2027. Je, nianzie kwa daktari wa matiti, au niende moja kwa moja kwa wa picha?

Nesi wa Upanga

Anzia kwa daktari wa matiti, mama, na usingoje 2027 kumwona. Nenda mwezi huo huo utakaofika, akupapase pande zote mbili na kwapani, aandike ugumu aliouona, ili aliyekugusa ukiwa mzima ndiye atakayekugusa ukiwa na shaka. Yeye ndiye atakayekuandikia ya picha. Njoo na diski zote mbili, moja ibaki kwenye faili lako huku.